Tumwandae mwanafizikia kabla chuo hakijafunguliwa

 

Ndugu wasomaji, kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, watahiniwa wa kidato cha sita nchini mwetu hufanya mtihani wao wa mwisho na kurejea makwao. Matokeo kwa kawaida hutangazwa mwezi wa Julai, na vyuo vikuu huwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza kati ya Oktoba na Novemba. Ukihesabu, utaona kuwa baina ya shule na chuo ipo miezi isiyopungua mitano. Leo tunapenda kuzungumza na wazazi na walezi juu ya miezi hiyo, na hasa wale ambao kijana wao au binti yao amesoma tahasusi ya PCM au PGM na ameazimia kwenda kusoma shahada ya fizikia.

Tuitazame Segera, wilayani Handeni, jirani na mpaka wa Korogwe. Wasafiri wote wa ukanda huu wanaifahamu njia panda hiyo. Barabara itokayo Chalinze hufika pale ikagawanyika: moja huelekea Tanga kupitia Hale na Muheza, nyingine huelekea Korogwe, Moshi na Arusha. Mabasi na malori hupita usiku na mchana, na kila gari linaposimama pana abiria mwenye kiu na mwenye njaa. Kijana aliyerudi nyumbani hana haja ya kutafuta mbali. Machungwa yapo, maji ya chupa yapo, na pikipiki ya kukodi ipo. Fedha ya leo hupatikana leo.

Hatusemi kuwa kazi hiyo ni mbaya. Riziki ya halali ni heshima, na mtoto anayemsaidia mama yake kuuza ni mtoto mwenye malezi. Lakini tunasema kwamba kijana huyo aliyeteremka kwenye basi mwezi wa Mei akiwa na hisabati mbichi kichwani, asipoangaliwa, atapanda basi mwezi wa Oktoba akiwa ameisahau nusu yake. Hapo ndipo msiba wake unapoanza, ingawa siku hiyo hakuna anayeuona, kwani nyumba nzima huwa katika furaha ya kumsindikiza.

Fizikia ya chuo kikuu haimsubiri mwanafunzi akumbuke. Katika wiki za mwanzo mhadhiri huandika ubaoni akichukulia kuwa kalkulasi, yaani ile hisabati ya mabadiliko, imo mikononi mwa kila aliyeketi mbele yake. Ukumbi unaweza kuwa na mamia ya watu. Hakuna mwalimu wa darasa atakayemwita nyuma ya ofisi kumuuliza kwa nini hakufanya zoezi. Muhula ni wa wiki chache, majaribio hufuatana, na mwanafunzi aliyeanza kwa kuchechemea hujikuta na mitihani ya marudio, ile ambayo wenyewe huiita sapu. Marudio yakizidi, huondolewa chuoni. Neno lao ni kudisko, nalo ni neno jepesi kwa jambo zito. Mzazi wa Segera aliyeuza mbuzi ili kupata nauli na godoro hupokea simu ya mtoto anayelia, wala haelewi kilichotokea, kwa sababu mtoto wake alifaulu.

Ni kweli alifaulu. Ila alifaulu kitu kingine. Wengi wa vijana wetu wamepita katika shule ambazo maabara zilichelewa kufika. Shule za sekondari za kata zilienea kwa kasi kuanzia mwaka 2004, na ujenzi wa maabara ukaja baadaye. Ilibidi Rais Jakaya Kikwete atoe agizo mahsusi kwamba kila shule ya kata iwe na maabara tatu, kazi iliyozishughulisha halmashauri zetu hadi mwaka 2015. Walimu wa fizikia na hisabati wamekuwa adimu kwa miaka mingi, na serikali yenyewe imelikiri jambo hilo mara kwa mara. Katika hali hiyo, mwanafunzi hodari alijifunza njia ya kuokoka: alikusanya mitihani ya miaka iliyopita, akakariri namna ya kujibu, akapata alama. Hatumlaumu, kwani alitumia silaha aliyokuwa nayo. Lakini silaha hiyo haivuki mto. Chuo kikuu humuuliza kwa nini, na aliyezoea kukariri huwa hana pa kushika.

Kwa hiyo neno letu leo ni moja: miezi hii ni sehemu ya shahada yenyewe. Anayekwenda kusoma fizikia anapaswa kuitumia kujenga upya mambo matatu, nayo ni hisabati yake, mkono wake wa kupima, na uthubutu wake wa kuuliza. Na familia inapaswa kumlindia muda wa kufanya hivyo.

Tuanze na uthubutu wa kuuliza, kwa sababu mkoa wetu wa Tanga una hadithi yake ambayo dunia inaijua kuliko tunavyoijua sisi wenyewe. Ukitoka Segera ukapita Korogwe hadi Mombo, kisha ukapanda milima ya Usambara kwenda Lushoto, utafika Magamba. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yaingizwe kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa finyu, naye akahofia kuikosa, akayaingiza yangali ya moto. Alipotazama baadaye, yake yalikuwa yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa.

Alipomuuliza mwalimu wake, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Aliposonga mbele katika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, swali lake likageuzwa mzaha wa darasa. Siku moja Profesa Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia chuo kikuu huko Dar es Salaam, alifika Mkwawa kutoa mhadhara, na Mpemba akasimama akamuuliza mbele ya wote. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, aliahidi kulijaribu jambo hilo akirudi Dar es Salaam, na akatimiza. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, na tangu hapo jambo hilo linajulikana ulimwenguni kwa jina la kijana wa Magamba.

Hadi leo wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaotoa sababu za mvuke, za mzunguko wa maji ndani ya chombo, au za hewa iliyoyeyuka ndani yake. Na mwaka 2016 watafiti Henry Burridge na Paul Linden walieleza kuwa vipimo vyao wenyewe havikuwapa ushahidi wa kutosha kwamba jambo hilo hutokea. Wazazi wasione kuwa ubishi huo unapunguza heshima ya Mpemba. Ndiyo fizikia yenyewe hiyo. Swali la mtoto wa shule limewashughulisha wasomi kwa zaidi ya miaka 50, na bado linapimwa. Yule aliyelicheka hatumkumbuki kwa jina.

Basi mzazi, kijana wako akikuuliza mezani kwa nini uji wa futari hupoa upesi mwanzoni kisha hupoa polepole, usimwambie ale anyamaze. Mwambie apime. Aweke kikombe, achukue kipimajoto, aandike joto kila baada ya dakika mbili na kuchora grafu. Ataona kuwa kadiri uji unavyokaribia joto la chumba, ndivyo kasi ya kupoa inavyopungua. Akiweza kuuandika ukweli huo kwa mlinganyo na kuufumbua, atakuwa amekwisha ingia mlango wa somo litakalomkuta mwaka wa kwanza.

Jambo la pili ni hisabati. Tunashauri kijana asikimbilie vitabu vipya kabla hajasafisha vya zamani. Arudie aljebra na trigonometria hadi azifanye bila kusita. Kisha aingie kalkulasi, kutafuta kasi ya badiliko na kutafuta jumla, na afanye mazoezi mengi kwa mkono wake, kwa kalamu, si kwa kutazama majibu yaliyokwisha andikwa. Kisha vekta, kwa kuwa nguvu, mwendo na sumaku zote huzungumza kwa lugha hiyo. Halafu aichukue mekanika aliyosoma kidato cha tano na kuisoma upya kwa macho ya kalkulasi. Shuleni alizoea gari linaloongeza mwendo kwa kiwango kile kile. Chuoni ataulizwa juu ya lori ambalo upepo unazidi kulizuia kadiri linavyokwenda kasi, na kanuni zile za kukariri hazitamfaa.

Maswali ya kufanyia mazoezi yapo mlangoni pake. Tuchukue mabasi yapitayo Segera. Basi likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na breki zikiupunguza mwendo huo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, litasimama baada ya mita zipatazo 19 tangu breki ziliposhika. Basi hilo hilo likiwa na kilomita 100 kwa saa, litahitaji mita zipatazo 77. Mwendo umeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka mara nne. Kijana afanye hesabu hiyo, kisha aongeze ile sekunde moja ambayo dereva huitumia kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha ajiulize mvua ikinyesha itakuwaje. Akimaliza, awaeleze wadogo zake wanaovuka barabara kwenda madrasa. Elimu hiyo inaweza kuokoa roho kabla haijampatia shahada.

Au aangalie upande wa Hale, kwenye barabara ya kwenda Tanga. Mto Pangani huzalisha umeme pale tangu mwaka 1964, katika kituo chenye uwezo wa megawati 21, na chini zaidi kipo kituo cha New Pangani Falls chenye megawati 68, kilichoanza miaka ya 1990. Watoto wengi wa Segera wamekua wakipita chini ya nyaya zake bila kujiuliza. Tuchukue maporomoko ya mita 70. Mita moja ya ujazo ya maji ina kilo 1,000. Ikianguka mita 70 hutoa nishati ya jouli zipatazo 686,000. Ili kupata megawati 21 bila kupoteza chochote njiani, zinahitajika takribani mita 31 za ujazo katika kila sekunde. Na kwa kuwa hakuna mtambo usiopoteza, mahitaji halisi ni makubwa zaidi. Hapo kijana ataelewa kwa nini ukame wa milimani huzima taa mjini, na kwa nini taifa liliamua kujenga bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115.

Jambo la tatu ni mkono wa kupima. Maabara ya chuo humtaka mwanafunzi apime, arudie kupima, aeleze kwa kiasi gani kipimo chake kinaweza kuwa na kosa, kisha aandike ripoti. Mwenye kuzoea kupindisha namba ili zifanane na jibu la kitabuni hupata shida kubwa, na kwa hakika huko ni kusema uongo kwa kalamu. Mazoezi ya awali hayahitaji fedha. Achukue uzi wa mita moja, afunge jiwe dogo, aliachie lining'inie na kuyumba kidogo. Ahesabu mayumbo 20 kwa saa ya simu. Atapata karibu sekunde 40. Kutokana na hapo atafute mvuto wa ardhi, na ailinganishe hesabu yake na mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Kisha amwite kaka yake apime vile vile, na wajadili kwa nini namba zao hazikulingana.

Ndani ya nyumba zetu za bati kuna jaribio jingine ambalo wengi tumelikanyaga bila kulijua. Tundu dogo la msumari katika paa huangusha sakafuni doa la mwanga lililo mviringo, hata kama tundu lenyewe si la mviringo. Doa hilo ni picha ya jua. Paa likiwa mita 3 juu ya sakafu na jua likiwa utosini, upana wa doa hukaribia sentimita 3, kwa sababu umbali wa jua kutoka kwetu ni zaidi kidogo ya mara 100 ya upana wake. Jua linapopatwa, kama lilivyopatwa tarehe 1 Septemba 2016, siku ambayo watu walifurika Rujewa wilayani Mbarali kulitazama, doa nalo humeguka. Mtoto anaweza kulipima jua akiwa amekaa mkekani, bila kulikodolea macho na kuyadhuru.

Tunapotaja mwanga na tundu, ni haki kumkumbuka Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi zake Cairo. Katika zama ambapo wengi waliamini kuwa jicho hutoa miali inayokwenda kugusa vitu, yeye alionyesha kuwa mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na alitumia chumba cha giza chenye tundu kuuchunguza mwenendo wake. Kitabu chake cha elimu ya kuona, Kitab al-Manazir, kilitafsiriwa kwa Kilatini na kusomwa Ulaya kwa karne kadhaa. Hatumtaji ili tujivune kwa kazi ya marehemu huku sisi tumelala. Tunamtaja kwa sababu njia yake ndiyo ile ile anayotakiwa kijana wetu: asikubali neno kwa sababu tu limesemwa na mkubwa, bali alipime. Na Muislamu anayeisoma Qur'ani anajua ni mara ngapi anaitwa kuzitafakari mbingu, ardhi, na kupishana kwa usiku na mchana.

Yapo pia mambo ya karatasi, na hapa uzembe wa wiki moja unaweza kugharimu mwaka mzima. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja katika vyuo, kwa utaratibu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kiwango cha chini kwa mhitimu wa kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, lakini kila programu huweka masharti yake juu ya hayo. Kijana asome mwongozo wa Tume kwa makini, alinganishe vyuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya fizikia ya miaka mingi. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, nacho hufundisha somo hilo. Atofautishe shahada ya fizikia yenyewe na shahada ya sayansi pamoja na ualimu, kwa sababu njia hizo mbili hazifanani, ingawa zote ni za heri.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, huombwa kwa njia ya intaneti, na cheti cha kuzaliwa hutakiwa kihakikiwe na RITA. Kwa yatima, vyeti vya vifo vya wazazi navyo huhitajika. Tunasisitiza jambo dogo linalotusumbua sana Waislamu: majina. Mtoto ameandikwa Hadija katika cheti cha kuzaliwa na Khadija katika cheti cha mtihani. Baba ni Ramadhan hapa na Ramadhani pale. Mohamed, Muhamed na Mohamedi ni mtu mmoja nyumbani lakini ni watu watatu mbele ya kompyuta. Marekebisho huchukua muda. Yaanze sasa, yasingoje Oktoba.

Wapo wazazi wanaosita juu ya mkopo huo kwa kuogopa riba, na hofu yao ni ya kuheshimiwa. Ni vyema wajue kuwa ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa asilimia 6 kwa mwaka, ilifutwa mwaka 2021. Jambo hilo limebadilisha sura ya mjadala. Tunawashauri wayasome masharti ya mwaka husika, wayapeleke kwa masheikh wanaowaamini, waulize na wapate jibu mapema. Kukaa kimya hadi dirisha la maombi lifungwe, kisha kumwambia mtoto kuwa Mungu hakupenda, si uchamungu. Ni kumtwisha Mola uzembe wetu.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2013 wahitimu wa kidato cha sita huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kwa miezi mitatu hivi. Wilaya ya Handeni yenyewe ina kambi ya Mgambo. Anayeitwa aende kwa moyo mkunjufu. Atarudi na nidhamu na afya. Lakini ina maana kuwa muda wa nyumbani umebaki wiki chache za mwanzo na chache za mwisho. Kwa hiyo hesabu ya miezi mitano tuliyoianza nayo, kwa wengi ni wiki nane tu. Wiki nane zikipangwa zinatosha. Zisipopangwa, hata mwaka hautoshi.

Je, familia ifanye nini? Kwanza, impe saa. Hatusemi akae kitini kutwa nzima huku nduguze wakilima. Tunasema saa tatu au nne kila siku zisizoguswa, iwe alfajiri baada ya swala, iwe usiku. Asubuhi ya kazi na jioni ya kitabu ni mgawanyo wa haki. Mgeni akifika, wengine wapo wa kumpokea. Msiba ukitokea atakwenda kuzika, kisha atarudi kwenye daftari lake.

Pili, impe bando. Simu ile ile inayomfungulia kijana mipira na vichekesho inaweza kumfungulia masomo ya Khan Academy, mihadhara ya MIT OpenCourseWare, na vitabu vya fizikia vya OpenStax ambavyo hupakuliwa bila malipo. Apakue mara moja, asome bila intaneti. Akipata kompyuta ya kuazima, ajifunze misingi ya kuandika programu kwa lugha kama Python, kwa maana mwanafizikia wa leo hukokotoa kwa mashine. Lakini asidanganyike: kutazama video si kusoma. Kipimo ni hiki: afunge simu, kisha amweleze mama yake, kwa Kiswahili chepesi, kitu alichojifunza. Masomo amefundishwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kinaweza kuficha ujinga kwa maneno makubwa. Akishindwa kueleza kwa lugha ya nyumbani, hajaelewa. Arudi akasome tena.

Tatu, tutazame mifuko yetu. Hakuna mtaa usiojua kuunda kamati ya harusi. Kadi husambazwa, ahadi hufuatiliwa kwa simu, na ukumbi hupambwa kwa usiku mmoja. Harusi ni sunna, na kumfurahisha ndugu ni jema. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kupokea kadi ya mchango wa kikokotoo, koti la maabara na kompyuta ya mtoto wa jirani? Fedha ya mapambo ya usiku mmoja inaweza kumkalisha mwanafunzi darasani muhula mzima. Misikiti yetu ya Segera, Hale na Korogwe inaweza kutenga chumba kimoja cha madrasa chenye taa na meza, na kuwaalika waliotangulia chuoni, wakiwa likizo, wawafundishe wadogo zao jioni mbili kwa wiki. Hilo halihitaji mfadhili kutoka nje.

Nne, na hili tunalisema kwa uzito, binti asiachwe. Kijana wa kiume akirudi kutoka kidato cha sita huulizwa anakwenda chuo gani; binti huulizwa ataolewa lini. Yeye huamka kupika, huosha, hulea, na kitabu hukishika wakati macho yamekwisha fumba. Kisha matokeo yake ya chuo yakiwa dhaifu, tunasema fizikia ni ya wanaume. Tumemfunga miguu, kisha tumemlaumu kwa kutokimbia. Hospitali zetu za saratani, kama Ocean Road, zinahitaji wanafizikia wa tiba wa kupima kiasi cha mionzi kinachompata mgonjwa, na wagonjwa wengi pale ni mama zetu. Hali ya hewa, nguvu za atomiki, umeme, viwango vya mizani sokoni, na zaidi ya yote madarasa yasiyo na mwalimu wa fizikia, vyote vinawangoja vijana wa jinsia zote mbili.

Hatuwezi kumwahidi mtu yeyote kuwa shahada ni hati ya ajira. Wapo wahitimu wa ualimu wa sayansi wanaosubiri nafasi ilhali shule zina upungufu, na hilo ni jambo la kuwauliza viongozi wetu. Lakini aliyejifunza kupima, kukokotoa na kuuliza hana upungufu wa pa kwenda, na aliyeondolewa chuoni mwaka wa kwanza hubaki na deni na fedheha asiyostahili.

Ndugu wazazi, njia panda ya Segera hupitisha watoto wa watu wengi kwenda mbali. Wetu nao watapita. Tuhakikishe hawapandi basi wakiwa na godoro na sanduku tu, bali na hisabati iliyonolewa, daftari la vipimo lenye namba za kweli, na swali moja angalau ambalo hawataona haya kuliuliza mbele ya ukumbi mzima.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, awape wazazi subira na uwezo, na atujaalie sote tuwe wenye kuyafanya tunayoyasema. Amin.

Wabillahi tawfiq.